Kikosi cha Akiba Kinapokabidhiwa Ndege Bora: Kisa cha Kikosi cha 602 cha Glasgow, 1925–1957

Kuhusu kisa hiki

Mwezi Mei 1939, miezi minne kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza liliwakabidhi Spitfire, ndege yake bora ya mapambano ya angani, watu wa kikosi cha akiba cha Glasgow, Scotland, waliokuwa wakifanya kazi zao za kiraia Jumatatu hadi Ijumaa na kuruka mwisho wa juma. Wakati huo vikosi vingi vya wanajeshi wa kudumu vilikuwa bado havijaipata ndege hiyo. Uchambuzi huu unauliza kwa nini uamuzi huo ulifanikiwa mwaka 1939, na kwa nini mpangilio uleule ulionekana haufai tena mwaka 1957. Kikosi kinatajwa kwa namba yake kwa kuwa historia yake inajulikana na umma. Marubani, mafundi na makamanda wake wanatambulishwa kwa kazi zao bila majina, kwa sababu kinachochunguzwa hapa ni mpangilio waliofanyia kazi, na sifa ya mtu mmoja ingeweza kuufunika.

Usuli

Jeshi la Anga la Akiba lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, likifuata wazo la Hugh Trenchard, mkuu wa Jeshi la Anga wa wakati huo, ambaye aliamini kwamba raia wenye ari wangeweza kufundishwa kurusha ndege za kijeshi bila kuacha kazi zao, mradi kila kikosi kifungamane na mji au wilaya yake na kusimamiwa na watu wa huko. Kikosi cha 602 cha Jiji la Glasgow kiliundwa tarehe 12 Septemba 1925 katika uwanja wa Renfrew, na ndicho kilichotangulia vikosi vyote vya aina hiyo. Vya London na Edinburgh vilifuata mwezi Oktoba.

Mpangilio wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza lakini mgumu kuutekeleza. Marubani walikuwa watu wenye uwezo wa fedha na nafasi. Mafundi wengi walitoka katika viwanda vya uhandisi na karakana za meli za mto Clyde, yaani watu waliokwisha kuzoea chuma, vipimo na nidhamu ya kazi kabla hawajaigusa ndege. Jioni za katikati ya juma walihudhuria masomo katika makao ya kikosi mjini. Mwisho wa juma waliruka. Na kila kiangazi walikaa kambini kwa siku 15. Katikati yao palikuwa na kiini kidogo cha wanajeshi wa kudumu, hasa ofisa msaidizi wa mkuu wa kikosi ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa urubani, pamoja na mafundi wachache wa kulinda utaalamu usipotee kati ya Jumatatu na Ijumaa. Naomba msomaji akikumbuke kiini hiki, kwa kuwa nitakirudia.

Kwa miaka 13 ya mwanzo kikosi hakikuwa cha mapambano ya angani hata kidogo. Kilirusha ndege nyepesi za mabomu: kwanza DH.9A zilizobaki kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kisha Fawn, Wapiti, Hart na hatimaye Hind. Januari 1933 kilihamia Abbotsinch, jirani na Paisley. Miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Aprili 1933, mkuu wa kikosi na rubani mwenzake waliendesha ndege mbili za kwanza kupita juu ya Mlima Everest. Tukio hilo halikuwa la kijeshi, ila linasaidia kuvunja dhana kwamba mtu wa akiba ni mwanafunzi wa kudumu, kwa kuwa wawili hao walipewa kazi ambayo hakuna rubani yeyote duniani aliyekuwa ameifanya kabla yao.

Mfuatano wa matukio

Baada ya mgogoro wa Munich wa mwaka 1938, Ujerumani ilipoachiwa sehemu ya Czechoslovakia ili kuepusha vita, Uingereza ilianza kuhesabu kwa hofu idadi ya ndege zake za kuzuia mashambulizi. Novemba 1938 Kikosi cha 602 kilibadilishiwa kazi na kupewa ndege za Hector za kushirikiana na jeshi la nchi kavu. Kazi hiyo haikudumu. Tarehe 14 Januari 1939 kilitangazwa kuwa kikosi cha mapambano ya angani na kupewa Gauntlet, ndege ya mabawa mawili, la juu na la chini, yenye magurudumu yasiyokunjwa na chumba cha rubani kilicho wazi. Kisha, mwezi Mei, zikaja Spitfire. Kikosi cha kwanza cha wanajeshi wa kudumu, kilichokuwa Duxford, kilikuwa kimezipata Agosti 1938, kwa hiyo watu wa Glasgow walikuwa nyuma yake kwa miezi tisa tu, na hakuna kikosi kingine cha akiba kilichowatangulia.

Rubani aliyetoka kwenye Gauntlet alikutana na bawa moja kila upande, bunduki nane, mwendo wa zaidi ya kilomita 550 kwa saa, na magurudumu ambayo katika ndege za mwanzo yalikunjwa kwa kupampu kwa mkono. Pua ndefu ya injini ilimziba asione mbele alipokuwa akiiendesha ndege ardhini. Hakukuwa na Spitfire ya viti viwili ya kufundishia. Mtu alikaa ndani, akaelezwa mahali pa kila kitu, kisha akaondoka peke yake.

Mwishoni mwa Agosti 1939 vikosi vya akiba viliitwa kazini moja kwa moja. Tangu Spitfire zifike hadi siku hiyo, kikosi kilikuwa na mwisho wa juma kama 15. Tangu siku hiyo hadi mapambano ya kwanza, kilikuwa na majuma saba ya kuruka kila siku ambayo hali ya hewa iliruhusu. Tarehe 7 Oktoba kilihamia Grangemouth, na tarehe 13 Oktoba kikahamia tena Drem, uwanja wa nyasi mashariki ya Edinburgh, kusini mwa ghuba ya Forth.

Siku tatu baadaye, alasiri ya tarehe 16 Oktoba, ndege za Kijerumani za aina ya Junkers 88 zilishambulia meli za kivita za Uingereza karibu na daraja la Forth. Ving'ora havikulia Edinburgh. Watu wengi walidhani wanaona mazoezi. Manowari tatu zilipata madhara, na kamanda wa mojawapo, Mohawk, alijeruhiwa vibaya, akaendelea kuiongoza meli hadi bandarini, kisha akafariki. Waliokuwa hewani kuwakabili washambuliaji walikuwa vikosi viwili vya akiba: cha 602 kutoka Drem na cha 603 cha Edinburgh kutoka Turnhouse, ambacho kilikuwa na Spitfire kwa majuma machache tu. Rubani wa 603, mwanasheria kwa kazi yake, aliiangusha baharini ndege ya kwanza. Muda mfupi baadaye marubani watatu wa 602 waliiangusha ya pili karibu na Crail. Aliyewaongoza alikuwa mkulima, na mmoja wa wenzake alitoka katika biashara ya familia ya kupiga plasta. Ndege hiyo ya pili ilikuwa ya kiongozi wa shambulio lenyewe. Hizo zilikuwa ndege za kwanza za Ujerumani kuangushwa Uingereza katika vita hivyo na ndege za mapambano, na zote mbili ziliangushwa na watu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wa mwisho wa juma. Tarehe 28 Oktoba vikosi hivyo viwili vilishirikiana tena kuishusha ndege ya mabomu ya Kijerumani, Heinkel 111, karibu na Humbie, ya kwanza kuanguka katika ardhi ya kisiwa kikuu cha Uingereza.

Tarehe 21 Desemba 1939 ilikuja siku ambayo wapenzi wa kikosi hiki huipita haraka. Ndege za mabomu za Uingereza aina ya Hampden, zilizotumwa kutafuta manowari ya Kijerumani upande wa Norway, zilirudi zikiwa zimepotea njia na kufika pwani ya Scotland mahali zisipotarajiwa. Hampden ina mwili mwembamba na mikia miwili ya wima, umbo linaloweza kudhaniwa kuwa la Dornier ya Kijerumani. Marubani wa 602 waliziangusha mbili baharini, na mwanajeshi mmoja wa Uingereza alifariki.

Agosti 1940, katikati ya Mapigano ya Uingereza, yaani mashambulizi makubwa ya anga ya Ujerumani dhidi ya nchi hiyo, kikosi kilipelekwa kusini, Westhampnett, kuchukua nafasi ya kikosi kilichokuwa kimepoteza watu wengi. Kilifika tarehe 13 Agosti, na siku tano baadaye kilipambana na ndege za mabomu za Kijerumani aina ya Stuka zilizokuwa zikishambulia uwanja wa Ford. Hakikuondolewa mstari wa mbele hadi katikati ya Desemba, muda mrefu kuliko vikosi vingi ambavyo vilipumzishwa baada ya majuma machache.

Maamuzi na sababu zake

Maamuzi matatu ndiyo yaliyobeba kisa hiki. La kwanza lilikuwa kubadilisha kazi ya kikosi kutoka mabomu hadi mapambano. Sababu yake ilikuwa ya kijiografia na ya kiutu kwa pamoja: mtu wa akiba anailinda anga ya mji wake kwa urahisi zaidi kuliko anavyoweza kujifunza kuongoza ndege usiku hadi mji wa adui. Ulinzi wa karibu unamhitaji awe mwepesi wa kuondoka, na mtu anayeishi nusu saa kutoka uwanjani anao wepesi huo.

La pili lilikuwa kutoa ndege bora mapema badala ya kuwasubirisha watu wa akiba hadi vikosi vya kudumu vitosheke. Desturi ya majeshi mengi ni kinyume chake: akiba hurithi kile ambacho wengine wamekichoka, na Kikosi cha 602 chenyewe kilikuwa kimeanza hivyo kwa DH.9A. Waliovunja desturi hiyo walielewa kwamba ndege ngumu inahitaji muda mrefu wa kuizoea, na kwamba wenye saa chache kwa juma ndio wanaopaswa kuanza mapema zaidi. Naliona hili kuwa jambo la busara kuliko yote katika historia ya kikosi. Kama Spitfire zingefika Septemba badala ya Mei, kikosi kingeingia Oktoba kikiwa kinajifunza kutua.

La tatu lilikuwa kuwaita kazini mwishoni mwa Agosti, kabla vita haijatangazwa tarehe 3 Septemba. Majuma saba yaliyofuata yaligeuza ujuzi wa vipande vipande kuwa mazoea. Uamuzi huu hutajwa kwa sentensi moja katika maelezo mengi, nao unastahili zaidi, kwa kuwa bila hayo majuma saba hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba watu wa mwisho wa juma walikuwa tayari.

Matokeo

Katika Mapigano ya Uingereza, vikosi 14 vya mapambano vilitoka katika Jeshi la Anga la Akiba. Kikosi cha 602 kiliendelea hadi mwisho wa vita. Mwaka 1942 kiliongozwa kwa muda na rubani kutoka Ireland, baadaye kikawa na marubani Wafaransa, na mwanzoni mwa 1945 kilikuwa kikishambulia kwa Spitfire maeneo ya kurushia makombora ya Kijerumani ya V-2 nchini Uholanzi. Kilivunjwa Mei 1945.

Kiliundwa upya tarehe 10 Mei 1946 huko Abbotsinch, kikiwa na Spitfire za matoleo ya mwisho, na mwaka 1951 kikapata ndege za jeti aina ya Vampire. Mwaka huohuo, kwa sababu ya vita vya Korea, vikosi vya mapambano vya akiba viliitwa kwa miezi mitatu ya mafunzo ya muda wote. Tarehe 10 Machi 1957 vikosi vyote 20 vya kuruka vya Jeshi la Anga la Akiba vilivunjwa kwa siku moja. Mwezi uliofuata waraka wa serikali uliotolewa na waziri wa ulinzi, Duncan Sandys, ulitangaza kwamba ulinzi wa anga ungeegemea zaidi makombora kuliko ndege zenye marubani.

Uchambuzi: kilichofaulu

Maelezo yaliyozoeleka husifu ujasiri wa watu hawa, na ujasiri walikuwa nao. Ila ujasiri haukunji magurudumu ya Spitfire. Kilichofanya kazi, kwa ninavyoona, ni watu kukaa pamoja kwa muda mrefu. Katika kikosi cha kudumu rubani huhamishwa baada ya miaka michache, na fundi vivyo hivyo. Katika kikosi cha Glasgow, fundi aliweza kuihudumia ndege ya rubani yuleyule kwa miaka, akijua namna anavyotua, namna anavyolalamika, na kipi katika malalamiko hayo ni hitilafu ya kweli. Marubani walioruka pamoja Jumapili baada ya Jumapili walijuana kiasi cha kutohitaji maneno mengi hewani. Ujuzi wa aina hii hauonekani katika hesabu ya saa za kuruka, na ndiyo maana walioipima akiba kwa saa peke yake waliidharau.

Jambo la pili ni kile kiini cha wanajeshi wa kudumu. Mpango wa Trenchard husimuliwa kama ushindi wa raia, lakini kikosi kisingeweza kubadilisha aina ya ndege mara tatu kati ya Novemba 1938 na Mei 1939 kama kusingekuwa na mtu aliyekuwepo uwanjani siku ya Jumanne kupokea ndege mpya, kusoma kitabu chake na kuandaa somo la Jumamosi. Akiba iliyofanikiwa hapa ilikuwa ya mchanganyiko, na sehemu yake ndogo ya kudumu ilifanya kazi kubwa kuliko idadi yake.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kuangushwa kwa Hampden mbili kunaonyesha mahali ambapo ujuzi wa kikosi ulikoma. Marubani walikuwa wamejifunza kurusha ndege yao vizuri, wakafyatua kwa shabaha, na wakakosea katika jambo la kwanza kabisa, yaani kumtambua aliye mbele yao. Haingekuwa haki kuwabebesha mzigo wote. Ndege zilizopotea zilifika mahali zisipotarajiwa, vifaa vya kutambulishana kwa redio vilikuwa bado havijaenea, na mfumo wa onyo wa pwani hiyo ulikuwa umeshaonyesha udhaifu wake Oktoba, ving'ora vilipokaa kimya. Hata hivyo kutambua ndege ni somo linalofundishwa chumbani, jioni, katika makao ya mjini, bila petroli wala hali nzuri ya hewa. Katika ratiba ya mtu mwenye saa chache, somo kama hilo ndilo la kwanza kusukumwa pembeni, kwa sababu kila mtu aliyekuja Jumamosi alikuja ili aruke.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa kuziba mapengo. Kifungo kati ya kikosi na mji kilikuwa na nguvu hadi watu walipoanza kufa au kuhamishwa, na hapo hapakuwa na namna ya kuzalisha wengine wa aina hiyo. Tangu 1936 marubani wapya walikuwa wakifunzwa kwa njia nyingine, Akiba ya Kujitolea, iliyochukua vijana wa tabaka mbalimbali bila kuwafunga na kikosi cha mji. Vita vilipokolea, hao ndio waliojaza nafasi. Kikosi cha 603 kilionja jambo hili kwa ukali: kilifika Hornchurch, kusini karibu na London, tarehe 27 Agosti 1940, na kesho yake kikapoteza marubani watatu. Vikosi viwili vya malezi yaleyale viliingia katika mapambano yaleyale kwa tofauti ya majuma mawili, na kimoja kikavuja damu siku ya kwanza. Malezi mazuri hayakuweza kuchukua nafasi ya mbinu zilizokuwa zikijulikana kusini na ambazo vikosi vya kaskazini vilikuwa havijafundishwa. Kufikia 1944 Kikosi cha 602 kilikuwa cha Glasgow kwa jina. Waliokirusha walitoka kila mahali.

Uchambuzi: mwaka 1957

Hapa ndipo kisa kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sababu mbili tofauti zilichanganywa. Ya kwanza ilikuwa ya saa. Ndege mpya za mabawa yaliyopinda nyuma, kama Hunter iliyoanza kazi mwaka 1954, zilikuwa ghali, zilihitaji njia ndefu za kurukia, na zilidai mazoezi ya mara kwa mara kuliko Spitfire ilivyowahi kudai. Vikosi vya akiba vilibaki na Vampire na Meteor, jeti za kizazi kilichotangulia, wakati adui anayefikiriwa alikuwa ameshasonga mbele. Ule uamuzi wa 1939, wa kumpa mwenye saa chache ndege mpya mapema, haukurudiwa. Akiba ilirudishwa kwenye kurithi. Baada ya miaka kadhaa ya hali hiyo ilikuwa rahisi kusema kwamba haina uwezo wa kurusha ndege za kisasa, ingawa vikosi vyake havikuwa vimepewa ndege hizo.

Sababu ya pili ilikuwa imani kwamba rubani mwenyewe anaelekea kupitwa na wakati. Imani hiyo haikuthibitika. Jeshi la Anga la Uingereza bado linarusha ndege za mapambano zenye marubani hadi leo.

Nikizipima sababu hizo mbili, ile ya saa ina uzito wa kweli na siwezi kuipuuza. Mkulima wa 1939 aliweza kuimudu Spitfire kwa mwisho wa juma 15 na majuma saba ya kila siku. Sina hakika kwamba angeweza kuimudu Hunter, yenye mwendo na mifumo yake, kwa hesabu hiyohiyo. Lakini jibu la upungufu wa saa lingeweza kuwa kukiongeza kile kiini cha kudumu na kuwalipa baadhi ya marubani kwa siku zaidi, na ndivyo Wamarekani walivyofanya katika Walinzi wa Kitaifa wa Anga, ambako mafundi na marubani wa muda wote hukaa ndani ya vikosi vya akiba vya majimbo na kuwabeba wale wa muda mfupi. Mwaka 2019 kikosi cha jimbo la Vermont kilikabidhiwa F-35, ndege ya mapambano mpya kuliko zote za nchi hiyo wakati huo, kabla ya vikosi kadhaa vya kudumu kuipata. Namba 602 nayo ilirudishwa Glasgow mwaka 2006 kwa watu wa akiba, safari hii kwa kazi za kusaidia vikosi vingine, bila ndege yoyote.